Soma ratiba ukutani kabla ya kuhamisha mtoto

Tangu matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi katika Gredi ya 9, yatangazwe Desemba 2025, wazazi wa viungani mwa Nairobi tumepata shughuli mpya. Serikali haikupanga shule kwa nafasi, na Baraza la Mitihani ya Kitaifa (KNEC) lilimpa kila mtahiniwa matokeo yake binafsi, lakini nani angengoja serikali? Watu walipiga picha simu zao, wakatuma WhatsApp, wakajumlisha EE (kuzidi matarajio) za huyu na ME (kufikia matarajio) za yule, na siku ya pili kundi la mtaa wetu huku Ruiru lilikuwa na "tano bora" yake ya shule za umma za sekondari msingi. Shule iliyoongoza ilianza kupigiwa simu kuulizwa nafasi za Gredi ya 7. Iliyokuwa mkiani, ambayo iko umbali wa kilomita moja na nusu hivi kutoka kwa ile ya kwanza, ikaanza kuombwa barua za uhamisho. Na mwaka huu Gredi ya 9 wanapokaribia zamu yao, mazungumzo ni yale yale.

Naona orodha hizo zimesomwa vibaya, hata na watu makini. Zinatuonyesha ni watoto gani walioingia katika shule fulani. Shule iliwafanyia nini baada ya kuingia, hilo hazisemi. Kwa shule za umma zilizo katika kaunti ndogo moja, tofauti ambayo mzazi anapaswa kuisaka ni nani anayesimama mbele ya darasa, kwa somo lipi, na mara ngapi kwa juma. Huwezi kuipata kwenye picha ya simu. Imebandikwa kwenye ukuta wa chumba cha walimu, nayo inaitwa ratiba.

Tukumbushane sekondari msingi zilikotoka, kwa sababu nusu ya kutoelewana kwetu imeanzia hapo. Mtaala wa umilisi ulipopangwa, Gredi ya 7, 8 na 9 zilitarajiwa kukaa katika shule za upili, penye maabara na walimu waliosomea kufundisha somo moja moja. Serikali ya Uhuru Kenyatta ilikuwa hata imeanzisha mpango wa kujenga madarasa 10,000 katika shule za upili kwa ajili ya watoto hao. Kisha Rais William Ruto akaunda jopo la Profesa Raphael Munavu mwaka 2022, na kabla mwaka haujaisha uamuzi ukatoka kwamba gredi hizo zibaki katika shule za msingi. Sababu zake zilikuwa na mashiko. Mtoto wa miaka 12 ni mdogo kwa maisha ya bweni, karo ingewalemea wazazi, na shule ya msingi ndiyo iliyo karibu na nyumbani. Januari 2023 kundi la kwanza likaingia Gredi ya 7, na shule ambayo juzi ilikuwa ya darasa la kwanza hadi la nane ikajikuta ina sekondari ndani yake. Madarasa mapya yakabaki upande mmoja wa ua, watoto waliokusudiwa kuyatumia wakawa upande wa pili.

Jambo jingine ni mahali penyewe. Kaunti ndogo ya Ruiru ndiyo yenye watu wengi kuliko zote katika Kiambu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 371,111 hapa, wakati Thika Mashariki, iliyo katika kaunti hiyo hiyo, ilikuwa na 38,956. Mashamba ya kahawa yaligeuka ploti, barabara kuu ya Thika ikafunguliwa mwaka 2012, na kila mwenye kazi jijini aliyechoka na kodi za Nairobi akaanza kutazama Kahawa Wendani, Mwihoko, Gatongora au Kimbo. Ploti ziliongezeka, ardhi ya shule za umma haikuongezeka kwa kasi hiyo. Pengo likazibwa na shule za kibinafsi, kuanzia zile za mabati zilizo nyuma ya duka hadi zile za ada kubwa ndani ya Tatu City.

Hapa ndipo mazoea ya kulinganisha shule kwa kutazama mtaa yanapotupotosha zaidi. Katika viunga vya miji ya Marekani, mtoto huenda shule ya umma ya eneo lake, na ndiyo maana bei ya nyumba na sifa ya shule hupanda pamoja. Ukisikia shule iko kwenye mtaa wa matajiri, umekwisha kujua wanafunzi wake ni akina nani. Kwetu mambo ni kinyume. Tangu elimu ya msingi ya bure ianze mwaka 2003, familia nyingi zenye uwezo zimehamia shule za kibinafsi. Shule ya umma iliyopakana na nyumba za ghorofa na mageti ya chuma mara nyingi imejaa watoto wa walinzi wa mageti hayo, wa mama fua, wa waendesha bodaboda na wa vibarua wa ujenzi waliopanga chumba kimoja mtaa wa pili. Kwa hiyo anayesema "ile shule ni nzuri, iko mtaa mzuri" anazungumzia nyumba, na watoto wa nyumba hizo hupandishwa basi la njano alfajiri kwenda kwingine kabisa.

Kwa upande wa wanaotaka orodha, wana hoja, na sipendi kuidharau. Shule hizi zinaendeshwa kwa kodi. Mzazi ana haki ya kujua anapompeleka mtoto wake. Mwaka 2014 Profesa Jacob Kaimenyi, akiwa Waziri wa Elimu, alipiga marufuku kuorodhesha shule na watahiniwa kwa matokeo, lakini marufuku hiyo haikuwafanya wazazi waache kulinganisha. Kilichobadilika ni kwamba mwenye jamaa afisini alijua takwimu, na asiye na jamaa alibaki na uvumi. Mama muuza mboga wa Githurai hana binamu katika afisi ya elimu ya kaunti ndogo wa kumwambia shule gani ina walimu na ipi haina. Ukimnyima orodha bila kumpa kitu kingine, umemwacha gizani huku wenzake wakitembea na tochi. Hoja hiyo naikubali yote, ndiyo maana sisemi tunyamaze.

Wanaopinga orodha nao wana kumbukumbu nzito. Enzi za KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, kulikuwa na shule zilizomlazimisha mtoto dhaifu kurudia darasa, au kumsajilia mtihani katika kituo kingine ili asishushe wastani. Mafunzo ya likizo yalikula Agosti na Desemba, michezo ikafutwa. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na mtaala mpya ulikuja na ahadi kwamba mambo hayo yamezikwa. KJSEA haina alama 500 za kujumlishwa. Ina ngazi nane, kuanzia kuzidi matarajio hadi kuwa chini ya matarajio, na mtihani wenyewe hubeba asilimia 60 ya tokeo la mwisho. Asilimia 20 hutoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6 (KPSEA) na asilimia 20 nyingine ni kazi zilizofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na 8. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mtu anayejumlisha EE za shule mbili akizilinganisha anapaswa kujua kwamba sehemu moja ya tano ya anachokijumlisha ilisahihishwa na walimu wa shule yenyewe, na sehemu nyingine moja ya tano ilipatikana kabla mtoto hajaonja hata siku moja ya sekondari msingi. Pengine alikuwa shule nyingine kabisa wakati huo, na shule ya sasa inapigiwa makofi kwa kazi ya jirani.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa shule mbili tu. Ya kwanza inapokea watoto ambao, walipomaliza Gredi ya 6, walikuwa alama 15 juu ya wastani wa nchi. Miaka mitatu baadaye wanatoka wakiwa alama 10 juu ya wastani. Ya pili inapokea watoto walio alama 15 chini ya wastani, na inawatoa wakiwa alama 4 chini. Orodha ya WhatsApp itaiweka ya kwanza kileleni na ya pili mkiani, na hakuna atakayesema uongo. Ila shule iliyo kileleni imewarudisha watoto nyuma hatua tano, na ya mkiani imewasogeza mbele hatua kumi na moja. Mzazi mwenye mtoto wa wastani anayekimbia kutoka ya pili kwenda ya kwanza analipa nauli ya matatu kila siku kununua hasara.

Hili halijabaki kwenye karatasi. Profesa Sean Reardon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya alama za mitihani za watoto wa Gredi ya 3 hadi ya 8 katika wilaya za elimu zaidi ya 11,000 za Marekani, wakatenganisha vitu viwili: mtoto yuko wapi akiwa Gredi ya 3, na anasonga kiasi gani hadi Gredi ya 8. Waligundua kwamba viwili hivyo haviendi pamoja sana. Kiwango cha kuanzia kilifuatana kwa karibu na utajiri wa familia, mwendo haukufuatana nao hivyo. Jiji la Chicago, ambalo shule zake zilikuwa mfano wa kushindwa katika midomo ya watu, lilionekana kuwasogeza watoto wake kiasi cha miaka sita ya masomo ndani ya miaka mitano. Bado walianza chini, bado wastani wao ulionekana mdogo. Lakini ukiuliza shule inafanya kazi gani, Chicago ilikuwa inafanya kazi kubwa kuliko wilaya nyingi za kifahari za viungani. Marekani si Kiambu, na nimekwisha kusema tunavyotofautiana. Hesabu hii hata hivyo haijali bendera.

Sasa nije kwenye hoja ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote, na cha ajabu husemwa na pande zote mbili. Inasema hivi: shule hizi zote ni za serikali, mtaala ni mmoja, mgao ni mmoja, kwa hiyo kama kuna tofauti ni bidii ya mwalimu mkuu na nidhamu ya watoto. Wanaotaka orodha huitumia kumchapa mwalimu mkuu wa shule ya mkiani. Wanaopinga orodha huitumia kusema kwamba hakuna cha kulinganisha. Wote wawili hawajafanya hesabu ya ratiba.

Tuifanye. Sekondari msingi ina masomo tisa, baada ya kupunguzwa kutoka 14. Darasa moja lina vipindi 40 kwa juma, kila kimoja dakika 40. Shule yenye mkondo mmoja, yaani Gredi ya 7 moja, ya 8 moja na ya 9 moja, inahitaji vipindi 120 vifundishwe kila juma. Ikiwa na walimu wanne, kila mmoja atabeba vipindi 30, mzigo mzito lakini unabebeka. Tatizo haliko kwenye idadi ya vipindi. Mwalimu wa sekondari katika nchi hii husomea masomo mawili. Walimu wanne, hata wawe wamegawanyika vizuri namna gani, wanafika masomo manane, na masomo ni tisa. Kwa kweli hawagawanyiki vizuri. Utapata wawili ni wa Kiswahili na Elimu ya Dini, mmoja ni wa Historia na Kiingereza, na mmoja wa Hisabati ambaye ndiye kila kitu kingine. Hapo Sayansi Jumuishi, Kilimo na Lishe, Sanaa Bunifu na Michezo, na lile somo la ufundi ambalo watoto huliita Pre-Tech, yote yanafundishwa na mtu ambaye hakuyasomea. Shule yenye mikondo mitatu inahitaji vipindi 360, kwa hiyo walimu 12 kwa mzigo ule ule, na katika walimu 12 huenda ukapata wa fizikia, wa biolojia, wa kilimo. Mtaala ni mmoja, ila mtoto wa shule hii na wa ile hawasomi kitu kimoja.

Mgao nao hauko sawa kama unavyosikika. Serikali hupanga shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka. Shule yenye watoto 90 inahesabiwa shilingi 1,353,780. Yenye 500 inahesabiwa 7,521,000. Kiasi kwa kichwa ni kimoja, lakini bei ya darubini haipungui kwa sababu shule ni ndogo, wala mwalimu wa bodi, yaani aliyeajiriwa na shule yenyewe, hakubali nusu ya mshahara kwa sababu darasa lina watoto 30. Sehemu ya fedha hizo tayari ina kazi maalumu iliyopangiwa, na kila mwalimu mkuu atakwambia kwamba huja kwa kuchelewa na kwa vipande. Shule kubwa inaweza kukopa kwa muuza vitabu ikingoja. Ndogo inangoja tu.

Nilikwenda kuona mwenyewe, kwa sababu dada yangu alitaka kumhamisha binti yake kutoka shule ya mkiani kwenda ya kileleni na akaniomba nimsindikize. Sitazitaja, hazikutenda kosa la kutajwa. Katika ile ya kileleni tulionyeshwa vikombe kwenye kabati la kioo, tukapitishwa nje ya darasa la Gredi ya 8 ambapo watoto walikaa wanne kwenye dawati la watatu, na wa mwisho wa kila dawati alikuwa ameweka mguu mmoja nje kwenye njia ili asianguke. Ratiba yao ilikuwa imechapwa kwa kompyuta, na kwenye visanduku vyake nilihesabu herufi za majina ya walimu 13. Katika ile ya mkiani ratiba iliandikwa kwa kalamu ya wino kwenye manila, na herufi zilikuwa za watu watano, mmoja wao akiwa mwalimu wa bodi. Kisanduku cha Sayansi Jumuishi cha Jumatano kilikuwa na herufi za kijana mmoja aliyekuwa pale pale, akisahihisha insha. "Mwalimu, wewe ni wa sayansi?" nikamuuliza. Akacheka. "Mzazi, mimi ni wa Kiswahili na Dini. Sayansi naisoma usiku kwa YouTube, na bando ni langu." Akanionyesha daftari lake, michoro ya saketi za umeme iliyochorwa kwa rula, safi kuliko yangu ya kidato cha tatu.

Sikutoka pale na jibu rahisi. Watoto wengi zaidi kwa darasa ni mzigo, walimu wanane zaidi ni faida, na mtu anayekwambia moja linafuta lingine anakudanganya. Mtoto mwepesi wa kujisomea, anayetaka uhandisi, anaweza kufaidika na shule kubwa hata akikaa pembeni mwa dawati. Mtoto ambaye bado anasoma kwa kusitasita anaweza kupotea katika darasa lile bila mtu kujua hadi Gredi ya 9. Orodha ya WhatsApp inawapa wote wawili ushauri mmoja.

Kuna tofauti nyingine ambayo haitaonekana katika tokeo lolote. Walimu wengi wa sekondari msingi waliajiriwa kama wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifanya kazi ile ile ya mwalimu aliyeajiriwa. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) haikuwa na mamlaka ya kuajiri wanagenzi, na muhula wa pili ulipofunguliwa, wengi wao waligoma wakidai mikataba ya kudumu. Kwa wiki kadhaa zipo shule ambazo Gredi ya 7 na 8 walikaa darasani bila mtu. Kundi lililofanya KJSEA ya kwanza lilikuwa Gredi ya 8 wakati huo. Sasa fikiria shule mbili zilizo kilomita mbili mbali, moja ilikuwa na walimu wengi wa kudumu, nyingine ilitegemea wanagenzi. Moja ilipoteza siku chache, nyingine ilipoteza sehemu nzuri ya muhula. Mwaka mmoja na nusu baadaye matokeo yanatoka, na mtu anaandika kwenye kundi kwamba mwalimu mkuu wa ile ya pili ni mlegevu.

Madhara ya usomaji huu mbaya hayaishii kwenye maneno. Familia zinapohama kutoka shule ndogo, hutangulia zile zenye uwezo kidogo, zenye nauli na muda wa kufuatilia barua. Shule ndogo hupoteza watoto, na fedha hufuata watoto. Mwalimu wa bodi anaachishwa, masomo mawili yanahamia mabegani mwa mwingine, matokeo yanashuka, na orodha ya mwaka unaofuata inathibitisha kwamba waliohama walikuwa na akili. Shule kubwa nayo inajaa hadi watoto wanakaa wanne kwenye dawati la watatu, kisha inaanza kuchuja wanaoingia kwa mtihani wa kienyeji, jambo ambalo shule ya umma haikupaswa kulifanya. Baada ya miaka michache tutakuwa na shule za daraja la kwanza na la pili ndani ya mtaa mmoja, zote za umma, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Jambo hili linagusa pia Gredi ya 10. Mtoto huchagua mkondo: sayansi, teknolojia na hisabati, au sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Tunaambiwa uchaguzi unafuata kipaji. Mtoto ambaye Sayansi Jumuishi ilifundishwa na mwalimu wa Dini aliyejifunza jana usiku hajui kama hana kipaji cha sayansi au hajawahi kufundishwa sayansi. Anapoambiwa ngazi yake inafaa sayansi ya jamii, anaambiwa habari za ratiba ya shule yake kwa lugha ya kipaji. Kwangu hili ni zito kuliko mabishano yote ya nani wa kwanza na nani wa mwisho.

Kuna mambo mawili yanayowezekana, na la kwanza halihitaji hata jengo. KNEC ina matokeo ya KPSEA ya 2022 na ya KJSEA ya 2025 ya watoto wale wale. Inaweza kukokotoa, kwa kila shule ya umma, watoto wamesogea kiasi gani kati ya mitihani miwili wakilinganishwa na wenzao waliokuwa ngazi moja nao. Pingamizi zipo. KPSEA ina karatasi tano zenye maswali mengi ya kuchagua jibu, haipimi kwa undani kama KJSEA. Watoto huhama katikati. Na shule yenye watahiniwa 28 inaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya watoto watatu tu walioumwa malaria wiki ya mtihani. Dawa ni kutumia wastani wa miaka mitatu, kutoa matokeo kwa makundi mapana badala ya nafasi ya 1 hadi ya 60, na kubandika kando yake idadi ya walimu kwa kila somo. Mzazi wa Githurai akiona kwamba shule A inasogeza watoto vizuri lakini haina mwalimu wa sayansi, atakuwa na la kumuuliza mbunge wake. Akiona "nafasi ya 41" ataomba barua ya uhamisho.

Jambo la pili ni la TSC, na ni hapa ambapo kuwa viungani kunatufaa. Turkana huwezi kumwambia mwalimu wa fizikia afundishe shule tatu, kwa sababu baina ya shule na shule kuna safari ya nusu siku. Ruiru unaweza. Shule tatu za umma ziko katika mzunguko wa dakika 20 kwa bodaboda. Serikali ilipoleta sekondari msingi ilisema watoto watumie maabara za shule za upili jirani, na jirani wa kweli wako huku. Mwalimu akipangiwa kundi la shule badala ya shule moja, walimu 12 waliotawanyika katika shule tatu ndogo wanaweza kufundisha kila mmoja alichosomea. Najua majibu ya walimu: nani atalipa hiyo bodaboda, nani atakuwa mkubwa wangu, na nikichelewa kwa sababu ya foleni ya Githurai nani atanitetea? Ni maswali ya haki, na ugomvi uliopo tayari kuhusu sekondari msingi kusimamiwa na wakuu wa shule za msingi unayafanya magumu zaidi. Ila ni maswali ya nauli na utawala. Yanajibika. Swali la jinsi mwalimu mmoja wa Kiswahili atakavyofundisha umeme, kilimo na useremala kwa miaka mitatu halina jibu.

Dada yangu hakumhamisha binti. Mwezi wa pili alirudi kwenye ile shule ya manila na wazazi wengine sita, wakaomba kuonana na mwalimu mkuu kuhusu kisanduku cha Jumatano. Mwalimu mkuu alifungua droo akawaonyesha nakala za barua tatu za kuomba mwalimu wa sayansi, ya kwanza ya 2024. Wakamwomba nakala ya ya nne kabla haijatumwa, ili nao waweke sahihi.